Opereta wa Laini Ndogo

Uso wa mwanangu ulinifikia kwenye simu yangu mwenyewe, ukiwa umeandikwa maneno.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimekaa mlangoni pangu hapa Matisi, mtaa wa Kitale, Nekesa nimempakata, kijiko cha uji mkononi. Kwenye kundi la kwaya yetu mwenyekiti alikuwa ameuliza nani ameshafika mazoezini na nani bado. Dada mmoja wa sauti ya pili akajibu kwa stika. Ilikuwa picha ya mtoto analia, mguu mmoja umefungwa plasta nyeupe mpaka pajani, na chini yake maneno ya manjano: NIKO NJIANI NAKUJA. Watu wakacheka. Mwenyekiti mwenyewe akacheka. Nikamwangalia mtoto kwenye simu, nikamwangalia mtoto kwenye mapaja yangu. Alikuwa mmoja.

Nimevumilia mengi juu ya huo mguu. Nimeambiwa nilikanyaga kitu nikiwa na mimba. Nimeambiwa kwetu Ndalu tuna laana. Mama mmoja kliniki aliniuliza kama baba ya mtoto ameshakimbia ama anajipanga. Yote nikameza. Lakini hiyo stika haikumezeka. Niliweka kijiko chini, nikambeba mtoto, nikaenda kanisani na slipasi zangu za nyumbani, nikaingia katikati ya wimbo.

"Hii umetoa wapi?" nikamuuliza yule dada.

"Gani?"

"Hii stika."

"Si nilitumiwa tu. Iko kila mahali hiyo, Mama Nekesa. Hata shemeji yangu wa Nakuru anayo."

"Mwangalie huyu." Nikamgeuza mtoto.

Akaangalia mtoto, akaangalia simu, akashika mdomo. "Aki sikujua. Na si mimi nilitengeneza."

Si yeye. Aliyemtumia pia si yeye. Nilifuata hiyo stika nyumba kwa nyumba wiki nzima, na kila mtu alikuwa ametumiwa tu. Kumbe kitu kinaweza kuzaliwa bila mama. Nikaamua nitampata aliyeizaa, na atajibu mbele ya ofisi yenye muhuri, si kwenye simu. Nilichokosa ni mtu aliyekuwepo ilipoanza. Mtu huyo nilikuwa nikimjua tayari, na ndiye ninayemwandika hapa, kwa sababu huwezi kuelewa nilichofanya mwishowe kama hujui yeye ni nani.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, sijui na sikuuliza. Huyo mama tulimwita Opereta. Alifanya kazi ya kuunganisha simu hapa Kitale enzi zile simu ilikuwa haiendi yenyewe. Ulikuwa unainua mkono wa simu, yeye anauliza unataka nani, halafu anachomeka waya kwenye tundu la huyo mtu. Mtu wa Kitale akitaka kuongea na mtu wa Bungoma, maneno yalipitia masikioni mwake. Nilipomjua alikuwa amestaafu zamani, anakaa nyuma ya ploti yetu, nyumba ya geti la bluu. Simu yake ya mkononi aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, kama mwalimu wa michezo na filimbi yake.

Na alikuwa na Laini.

Laini ni kundi la mazungumzo la kwenye simu. Si chama, hakuna mtu anachanga kitu. Ni watu wa Kitale, wa Ndalu, wa Bungoma, na wachache waliohamia mbali, wanaongea juu ya chochote: mahindi yamepatwa na nini, mtoto anakohoa, nimeota ndoto, je, nimrudie huyu bwana. Ni watu wachache kiasi kwamba mtu akinyamaza inajulikana.

Niliingia hivi. Nekesa alipofungwa plasta ya kwanza, kwa sababu alizaliwa na mguu uliopinda ndani, vidole vilianza kuvimba. Nikauliza kwenye lile kundi kubwa la mtandaoni la wazazi wa huku kwetu. Kundi hilo lina watu kuliko Kitale siku ya soko. Nikaweka na picha, nikidhani picha itawasaidia kunisaidia. Wa kwanza akajibu, uliza babake. Wa pili akaweka namba ya mwombeaji. Wa tatu akasema huyu atachezea timu ya taifa, winga wa kushoto. Hapo ndipo vicheko vilifunguka. Mimi nikabaki nasoma vicheko badala ya kuangalia vidole vya mtoto wangu.

Opereta alinikuta kwenye mfereji wa maji nikilia juu ya jerikeni.

"Mama nani wewe?"

"Mama Nekesa."

"Nekesa ana nini?"

Nikamwambia. Hakunipa pole. Aliinua simu kutoka kifuani, akabonyeza, akaanza na salamu ya kwetu kwa sauti ya redio: "Mulembe wote. Niko na mama hapa, mtoto wa plasta, vidole vimevimba. Nani amepitia?" Akashusha simu, akaniambia, "Ngoja, nakuunganisha."

Hata jerikeni haikuwa imejaa. Sauti ya mwanaume wa Ndalu ikatoka kwenye simu, nyuma yake ng'ombe analia: "Mulembe Opereta. Mulembe mama. Kijana yangu alikuwa hivyo hivyo. Uliza huyo mama, vidole viko rangi gani?"

Nikaangalia. Vilikuwa vinaelekea bluu.

"Mwambie asikae na simu. Aende hospitali saa hii, hiyo plasta imekaza. Waikate wafunge upya. Na akirudi atuambie."

Nilienda. Ikakatwa, ikafungwa upya. Niliporudi nilikuta Opereta ameshaniingiza Laini, na watu wananingoja. Hawakuwa wananingoja kwa udaku. Walitaka kujua tu. Yule mzee wa Ndalu aliuliza, "Sasa rangi iko aje?" Nikamwambia imerudi. Akasema, "Basi nimeweza kukamua." Alikuwa amengoja na ng'ombe wake. Mtu ambaye hajawahi kuniona.

Wakinikuta nimeng'ang'ania hako kakundi kadogo, watu huniuliza kuna nini huko kusiko na watu. Ndiyo hiyo. Kule kwa wengi nilipata majibu mengi, na hakuna aliyeuliza rangi.

Sheria za Opereta zilikuwa za kuudhi. Huingii mpaka mtu akulete, na aliyekuleta anajibu kwa ajili yako ukiharibu. Huulizi kitu kabla ya kusalimia, na huendelei mpaka umeitikiwa. Tulikuwa na kijana mmoja wa Kitale aliyeandika haraka haraka, "Niaje, nani anajua dawa ya viwavi?" Opereta akamjibu: "Niaje ni salamu ya kupita. Hapa umeketi." Kijana akarudia na mulembe, akaitikiwa, akapata dawa.

Ujumbe wa kusambazwa ulikuwa haramu. Pasta wake mwenyewe alituma ile dua ya mnyororo, kwamba usipoipeleka kwa wengine utapatwa na mabaya. Akamtoa. Jumapili pasta akamngoja mlangoni pa kanisa.

"Mama, ati umenifukuza?"

"Sikukufukuza, mtumishi. Nimekata laini. Ukitaka kuongea na sisi, ongea na mdomo wako."

Pasta alirudi, aliletwa na mwanakwaya, na hajawahi kutuma tena kitu ambacho hakukiandika yeye.

Picha ya mtoto ikionyesha uso ilikuwa haramu pia. Siku ya kwanza tu alinifanya nibadilishe picha yangu ya simu, ambayo ilikuwa Nekesa akicheka. Nilimwona mzee wa kupenda amri. Nikamwambia, "Mama, huyu ni wangu, nitamweka nitakapo." Akasema, "Ni wako. Uso ni wake." Nikabadilisha nikinung'unika.

Na mambo yakipanda joto alikuwa anafunga kundi, anabaki yeye peke yake anayeweza kuandika. Alikuwa anaandika maneno mawili: "Laini inatumika." Halafu anaenda kupika chai. Hafungui mpaka amekunywa. Mara moja watu wa Bungoma na watu wa Kitale walipigana juu ya nani anakausha mahindi vizuri na nani anauza maji, na mambo yakaingia mpaka kwa mama za watu. Akafunga. Nilimwona kwa dirisha akipuliza kikombe polepole kama mtu asiye na shida yoyote. Alipofungua, mmoja wa waliokuwa wakitukanana akaandika, "Opereta, hiyo chai ilikuwa ya ngamia ama? Mimi nimeshasahau nilikuwa nataka kutukana nani."

Lakini jambo lililofanya Laini iwe Laini ni la kuku.

Kulikuwa na mama wa Ndalu, mfugaji. Kuku wake walianza kulala wakiwa wamesimama. Akauliza. Aliyemjibu alikuwa jamaa wa Kitale anayeuza dawa za mifugo kwenye duka la agroveti, ambaye kwenye Laini alijiita Daktari wa Mabawa. Akamwelekeza, kuku wakapona. Kuanzia hapo wakawa marafiki. Asubuhi mama anasalimia, Daktari anaitikia, wanacheka. Siku moja mama akamwambia, "Wewe ungekuwa karibu ningekuozesha binti, lakini wangu nilishampa mtu hajui hata jogoo na tetea." Daktari akacheka sana, akatuma rekodi ya sauti. Nyuma ya sauti yake, jikoni, mwanamke alikuwa anacheka pia.

Mama alikijua hicho kicheko. Alikizaa yeye.

Daktari wa Mabawa alikuwa mkwe wake.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawaketi nyumba moja. Hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja anaingia shambani ili mwingine apite. Na hawa walikuwa wameketi, wamecheka, wametaniana juu ya kuozesha. Mama alizima simu, akamwambia mzee wake ameingia nyumba moja na mkwe. Mkwe naye alifunga agroveti mapema, akalala.

Laini ikawaka. Vijana wakasema si nyumba hiyo, ni mtandao tu, hakuna ukuta hakuna kiti. Wazee wakasema mmeketi pamoja mkacheka, nyumba ni nini tena? Kila mtu akamngoja Opereta. Nilidhani atakata laini. Hakukata. Alirekodi sauti yake, akasema:

"Mulembe. Mimi nimeunganisha watu maisha yangu yote. Mtu akikuambia kwa simu kwamba anakupenda, utasema hakusema kwa sababu hamkuwa chumba kimoja? Hii ni nyumba. Wameingia bila kujua, lakini wameingia."

Kwa hiyo mambo yakafuata njia ya nyumba. Mkwe akapeleka blanketi la kufuta kosa kwa mama mkwe, kwa mkono wa mtu mwingine. Na kwa sababu hakuna aliyetaka kuondoka, Opereta akawapangia wawe wanaongea kupitia kwake. Mama alikuwa anasema, "Opereta, mwambie huyo mtu wa dawa kwamba vifaranga vinaharisha." Opereta anasema, "Mtu wa dawa, unaulizwa." Mkwe anasema, "Mwambie mama aweke maji safi kwanza." Wote watatu wako hapo hapo, wanasikiana vizuri kabisa. Tulikuwa tunakufa kwa kicheko, kila mmoja kwake. Sijawahi kumwona Opereta akiwa na furaha kama miezi hiyo. Alikuwa amerudishiwa waya zake.

Baada ya hapo hakuna aliyetukana tena mama ya mtu. Ikishasemwa kwamba ni nyumba, hujui ni mkwe wa nani amekaa kimya pale pembeni.

Sasa msidhani namwandika malaika. Alikuwa mdaku. Aliwahi kunisimulia simu za miaka hiyo, nani wa mjini alikuwa anampigia nani akisema ni mambo ya mbolea. Nikamuuliza si ilikuwa marufuku kusikiliza? Akasema, "Marufuku ilikuwa kusema. Kusikiliza ilikuwa mshahara." Na alikuwa na moyo wa jiwe kwa watu waliobisha hodi. Binti wa rafiki yake aliomba kuingia, akakataliwa kwa sababu ana haraka. Nilisema huu ni ubaguzi. Akasema, "Kikombe si kibaguzi, kinajaa." Nikamwambia hiyo ni methali umetunga sasa hivi. Akakubali.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuja baada ya stika.

Siku ile nilitoka kanisani moja kwa moja nikaingia Laini. Bila mulembe. Niliandika yote, kwa herufi kubwa, na matusi ambayo mama yangu hajui nayajua. Nikasema anayejua aliyetengeneza aseme. Opereta wakati huo alikuwa ameshahamia Bungoma kwa binti yake, kwa sababu alianguka akavunjika nyonga. Akakata laini. Nikaona yale maneno mawili, Laini inatumika. Halafu akanipigia.

"Mama Nekesa, vita vya soko usivilete jikoni."

"Ni mwanangu yuko huko sokoni."

"Najua. Lakini ukipigana na watu wasio na uso utazeeka bure. Hapa tunampenda Nekesa. Kaa hapa."

"Mnampenda hapa, na huko nje anachekwa na Nakuru nzima. Mapenzi ya kufungiwa mlango ya nini?"

Alinyamaza. Opereta hakuwa mtu wa kunyamaza kwenye simu. Nilidhani nimemshinda kwa maneno, nikakata.

Hapo ndipo nilimchoka. Niliona kumbe hako kanyumba kazuri kana wenyewe, na wenyewe wanapenda amani kuliko mimi. Nilikaa bila kuandika. Na kwa sababu ni Laini, ilijulikana. Mzee wa Ndalu akatuma, "Mama Nekesa, mguu uko aje?" Mama wa kuku akatuma, "Opereta, mwambie Mama Nekesa hata kama amekasirika, ale." Niliwasoma nikiwa nimekasirika, na nikala.

Siku kadhaa baadaye Opereta akapiga. "Njoo Bungoma. Kuna kitu sitasema kwa simu."

Mtu aliyekula mkate wake kwa simu. Nikaenda.

Nilimkuta sebuleni kwa binti yake, kwenye kiti chenye mito, chuma cha kutembelea kiko mbele yake kama uzio. Amekonda. Nekesa wakati huo alikuwa ametoka kwenye plasta, anavaa vile viatu vya kunyoosha mguu, vyenye chuma katikati, wakati wa kulala tu, na mchana alikuwa anatambaa haraka kama panya. Alienda moja kwa moja akashika hicho chuma cha kutembelea, akasimama. Opereta akageuza uso.

"Unamjua Jogoo wa Chwele?" akaniuliza.

Nani hamjui. Kwenye lile kundi kubwa, Jogoo wa Chwele ndiye mwenye mdomo. Picha yake ni jogoo kweli. Ukiuliza swali la kijinga anakumaliza, na ukiuliza la maana anakumaliza pia. Watu walikuwa wanamwita kwa jina aje awachape wengine.

"Namjua. Shetani yule."

"Ni mimi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alichukua simu nyingine, ya zamani, kioo kimepasuka, akaiweka juu ya meza.

"Mimi nimekaa miaka kwenye bodi ya simu nikisema ngoja, samahani, jaribu tena. Wanaume wakinitukana kwa sikio, nasema asante bwana. Nilitoka huko na matusi yamenijaa, sijatumia hata moja. Laini siwezi kuyatupa. Kule nikapata pa kutupa. Kule hakuna mkwe."

"Na stika?"

"Fungua."

Nikafungua. Ilikuwa hapo. Admini wa lile kundi, jamaa mwenye duka la vifaa vya simu hapa Kitale mjini, ambaye kila mtu anamjua kwa sura, alikuwa ameandika kwa mkono wake: Wakuu, nimetengeneza hii, mnaionaje? Na chini yake mwanangu analia. Na chini ya mwanangu, wa kwanza kabisa kujibu, picha ya jogoo. Vicheko vitatu, halafu maneno: Huyu atafika Krismasi.

Nilisoma mara mbili ili niwe na uhakika wa kuchukia.

"Ulijua ni Nekesa?"

"Nimemuosha huyu mtoto kwa mikono yangu. Ningemjua kama ningeangalia." Alikuwa anaangalia dirisha. "Kule huangalii uso, Mama Nekesa. Unaangalia kama wengine watacheka, halafu unawahi."

"Ulijua lini?"

"Siku ulipoandika Laini. Nilienda nikatafuta, nikajikuta. Nilikata laini kwa sababu ya aibu. Haikuwa sheria."

Nilisimama. Nikamtoa Nekesa kwenye chuma, akalia, nikafika mlangoni. Binti yake akaingia na chai. "Mama, mbona mgeni amesimama?"

"Ana haki ya kusimama," Opereta akasema. "Mwache."

Nitasema ukweli juu ya kilichonirudisha. Haikuwa huruma. Ni ile simu iliyopasuka kioo. Kila mtu alikuwa ametumiwa tu, na huyu pekee alikuwa ameshika mwanzo. Nikakaa tena.

"Utasema haya mbele ya ofisi?"

"Kwa nini unafikiri nimekuita?"

"Watajua Jogoo ni nani. Kitale nzima itajua."

"Andika majina yote mawili, langu na la jogoo. Ukificha moja, huyo mtu wa duka atalitafuta akutupie usoni, na kesi yako itakufa."

"Na Laini?"

"Nitawaambia kabla hujafika ofisini. Wasikie kwangu."

Akaniambia nimshikie simu karibu. Akasema mulembe. Akangoja. Wakaitikia, mmoja mmoja, wanafurahi kusikia sauti yake. Halafu akawaambia yote, bila kupamba, hata lile neno la Krismasi alilirudia kama lilivyo. Alipomaliza nikashusha simu. Wawili wakatoka Laini. Mmoja alikuwa yule mwanakwaya aliyemrudisha pasta. Halafu sauti ya mama wa kuku:

"Opereta, mpe mzee wa Ndalu ufunguo wa kundi."

Akampa. Mzee wa Ndalu akaandika maneno mawili, yale yale. Laini inatumika. Nikajua amekwenda kuweka maji jikoni.

Opereta alisoma, akafuta macho kwa kiganja, akasema, "Wamejifunza." Mimi sikumfariji. Nilimwambia ukweli, kwamba sijamsamehe na sijui nitamsamehe lini. Akasema hilo halikuwa ndani ya alichoniitia. Kisha akamwambia binti yake atafute karatasi, akaniambia, "Andika wewe. Wewe ndiye umesoma sekondari juzi. Na usiandike kama unalia. Andika kama unaita namba."

Niliandika pale pale mezani kwake. Kesho yake nilipeleka kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia picha na habari za watu, na nakala kwa chifu wetu, na zote mbili zikagongwa muhuri mbele ya macho yangu. Majina na namba niliziweka huko. Hapa siziweki. Mengine ni haya:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PICHA YA MTOTO WANGU KUFANYWA STIKA NA KUSAMBAZWA BILA RUHUSA

Mimi ni mama mkazi wa Matisi. Nilituma picha ya mtoto wangu mgonjwa katika kundi la wazazi mtandaoni nikiomba ushauri wa matibabu. Sikumpa mtu yeyote ruhusa ya kuitumia kwa jambo lingine.

Msimamizi wa kundi hilo aliikata picha hiyo, akaiandika maneno ya dhihaka juu ya mguu wa mtoto, akaisambaza, na akaandika yeye mwenyewe kwamba ameitengeneza. Ushahidi uko kwenye simu niliyoambatanisha. Msimamizi ndiye mwenye mlango wa kundi. Watu wakikosea anaweza kuwatoa. Hapa aliyekosea ndiye mwenye mlango.

Naomba aamriwe kuiondoa, kuwatangazia wote aliowatumia waiondoe, na kuandika katika kundi hilo hilo kwamba alichofanya ni kosa. Nimeambiwa stika ikishaenda hairudi. Najua. Naomba hata hivyo. Mtoto huyu ataenda shule, na siku moja atapewa simu. Akikutana na uso wake huko nataka akutane pia na karatasi hii.

Shahidi wangu ni mwanamke mstaafu anayeishi Bungoma, ambaye katika kundi hilo alitumia jina la Jogoo wa Chwele. Aliona stika ikiwekwa mara ya kwanza. Alikuwa wa kwanza kucheka. Ameniomba niandike kwamba alicheka, na yuko tayari kuja kueleza, kwa kuletwa maana hatembei vizuri, kwa nini alicheka na kwa nini hakuangalia uso.

Naomba mlalamikiwa naye aitwe, akalishwe chumba kimoja na mimi na mtoto wangu, na kabla ya kuulizwa lolote lingine, amwangalie.

Mlalamishi,
Mama Nekesa